Catapult yangu inakufa mapema kila tukicheza, nakosea wapi?

MzeeWaDadu
Wakuu, habari za jioni. Tupo wanne, kila Jumamosi tunakutana barazani kwa jamaa yetu Magomeni, wawili kwa wawili, tunacheza BattleTech ile ya mezani, vita vya maroboti kwa dadu. Karatasi tumeprinti wenyewe, maroboti ni vifuniko vya soda vyenye mshale wa makapeni kuonyesha yanatazama wapi.

Mimi nimeshika Catapult CPLT-C1. Tani 65, makombora 15 ya masafa marefu kila bega, leza nne za wastani. Kwenye karatasi, mnyama. Juzi wakanitumia Jenner ya tani 35, kitoto kabisa! Nikawa naruka kila zamu asinipate, huku narusha. Zamu tatu, patupu. Ya nne akanizunguka mgongoni, akatoboa ubavu, akiba ya makombora ikalipuka. Wamecheka mpaka mama mwenye nyumba katoka kuuliza kuna nini.

Nihamie Archer, lile roboti jingine la makombora?

Kibarazani77
Mkuu, roboti halina kosa, hiyo mruko ndiyo inayokuua. Piga hesabu ya namba ambayo dadu zako mbili lazima zifikie ili upige. Rubani wa kawaida anaanzia 4. Masafa ya kati, ongeza 2. Jenner imekimbia vyumba (zile pembesita za ramani) 7 hadi 9, ongeza 3. Hapo unatafuta 9, unapata mara 10 kati ya 36. Ukiruka unaongeza 3 nyingine: 12. Yaani sita mbili, mara moja kati ya 36! Na akishafika vyumba viwili kutoka kwako, makombora yanakula adhabu ya 5 kwa sababu yametengenezwa kwa mbali.

Achana na Jenner. Makombora mpelekee yule mzito anayejikokota.

Archer nayo ina yake. Mitambo yake miwili ya makombora 20 ikifyatuka pamoja inaleta joto 12, vipoza vyake vinaondoa 10 tu. Na hairuki.

Bi_Sita
Mbona hakuna anayemwambia akae nyuma ya kilima? Makombora haya yanapiga shabaha usiyoiona, mradi mwenzako anaiona. Adhabu ni 1, pamoja na ya mwendo wa huyo mwenzako. Wewe umesimama zako, huonekani.

Halafu hesabu risasi zako, kaka. Una tani mbili, moja kila ubavu, kila moja ya kurusha mara 8 tu. Ulipolipuka ubavu ule ulikuwa umebakiza mara 5 za kurusha, zidisha kwa makombora 15, ni pigo la 75 ndani ya kifua chako mwenyewe. Ungekuwa hujarusha hata mara moja ingekuwa 120.

Kibarazani77
Na kadogo kakikusogelea chumba cha jirani, kapige teke. Tani 65 gawa kwa 5, ni 13 yote kwenye mguu mmoja, na lazima karushe dadu kasianguke.

MzeeWaDadu
Teke linaruhusiwa?! Miezi yote hii!

Bi Sita, kilima kipo, shida ni huyo wa kuniangalizia. Mwenzangu ana Locust, roboti dogo la mbio, na hajui kutembea, kila zamu anakimbia.

Bi_Sita
Akikimbia anakuongezea 2, akitembea 1. Mnyang'anye chai mpaka atembee.