Mwalimu wa dini anasikiliza rumba na kusoma riwaya: yatuhusu sisi wazazi?

Mama wa Arua
Jamani, naomba mnishauri bila matusi. Binti yangu yuko S2, yaani kidato cha pili, shule moja ya kanisa huku kwetu Uganda. Mwalimu wao wa dini, ambaye pia anawafundisha fasihi, anakaa nyumba za walimu ndani ya uwanja wa shule. Jumamosi binti alitumwa kumpelekea madaftari. Akaja kunihadithia: redio inapiga rumba ya Kongo, na mezani Biblia imelaliwa na riwaya mbili pamoja na ule Wimbo wa Lawino, shairi refu la Okot p'Bitek. Huyo huyo Jumapili ndiye anayewaongoza watoto kwenye sala. Wazazi wenzangu wanataka tumpeleke kwenye bodi ya shule. Mimi moyo wangu haujatulia. Anachosoma na kusikiliza akiwa kwake, kinatuhusu?

Katekista
Kinatuhusu sana, mama. Shule ina mwanzilishi, na mwanzilishi ana viti kwenye bodi, sheria inasema hivyo. Na Mtume Paulo amesema, 1 Wakorintho 15:33: "Msidanganyike, Mazungumzo mabaya huharibu tabia njema." Sisi tuliolelewa na Walokole, wale wa uamsho, tulifundishwa kutembea nuruni, nje na ndani. Huwezi kulala na rumba ukaamka na Tukutendereza, wimbo wetu wa sifa. Na hiyo Biblia kuwekwa chini ya riwaya, mimi nimesoma nikasimama kwanza.

Dereva wa Lori
Katekista, Lingala unaielewa? Mimi naielewa, nimepakia mizigo ya Ariwara, kule Kongo, miaka kumi na moja. Nusu ya hizo nyimbo za zamani ni mtu analia. Kafiwa, kadhulumiwa, kaachwa na mke. Franco mwenyewe, mfalme wa rumba, mwaka 1987 alitoa wimbo mrefu wa kuonya watu juu ya ukimwi, wakati makanisa mengi yalikuwa yananong'ona tu. Nyie mkisikia gitaa mnaona bia.

Dada wa Gulu
Na Lutaaya, mwanamuziki wetu, je? Yule aliyesimama mbele ya nchi nzima akasema ninao ukimwi, akafa 1990? Aliimba mpaka makanisani.

Dereva wa Lori
Ni 1989, dada, Desemba. Franco alitangulia Oktoba mwaka huo huo. Nakumbuka kwa sababu ndio mwaka tuliomzika kaka yangu.

Dada wa Gulu
Pole sana. Asante kwa kunisahihisha.

Fundi wa Hoima
Mnagombana bure. Mwalimu wa sanaa ana muda kuliko kazi, basi. Mpeni fizikia afundishe muone kama atapata nafasi ya riwaya na redio.

Mwalimu wa Masindi
Fundi, rudi hapa usikimbie. Muda kuliko kazi? Nina madarasa matatu ya fasihi, insha 140 kila baada ya wiki mbili, nasahihisha kwa taa ya sola mpaka inakufa. Tangu Julai 2022, serikali ilipowapandishia mshahara walimu wa sayansi, mwenzangu wa fizikia mwenye digrii kama yangu anapokea shilingi milioni nne kwa mwezi. Mimi nimebaki na milioni moja na kitu. Tunakaa meza moja, tunakunywa chai moja. Tumegoma, tukaambiwa turudi, tukarudi. Halafu mtu kama wewe unahesabu hata riwaya niliyonunua mtumba kandokando ya barabara! Kitabu hicho ndicho kazi yangu. Nisiposoma nitawafundisha nini, kivuli changu?

Fundi wa Hoima
Mimi sikutaja mshahara, umeuleta wewe. Nimesema muda. Na nina haki ya kusema, kijana wangu alipata F9 ya hesabu, alama ya kufeli ya enzi zile, na walimu wa hesabu shuleni kwao walikuwa mmoja tu. Nchi inataka mafundi, nanyi mnataka walipwe sawa watu wa mashairi.

Mwalimu wa Masindi
Pole kwa kijana. Lakini F9 yake hakuiandika mwalimu wa fasihi. Mtihani wa hesabu wenyewe umeandikwa kwa maneno, na mtoto asiyejua kusoma swali atakokotoa nini?

Mzee wa Bombo
Wanangu, mshahara mtaugombea na serikali. Mimi nimeshikwa na ile ya Biblia. Sisi Waislamu msahafu hauwekewi kitu juu, hata karatasi. Mtoto wangu akifanya hivyo namwita, namwambia ainue. Lakini simwiti kafiri, namfundisha. Huyo mwalimu labda alikuwa anaandaa somo, vitabu vikapandana. Na huyo Okot mwenye Lawino, nyie mnamjua kwa kitabu tu. Mwaka 1956 alikwenda Uingereza na timu yetu ya mpira, wakacheza pekupeku.

Katekista
Mzee, kwa heshima zote, Okot kanisa alilikejeli. Lawino anawasema mapadri na kuwacheka walimu wa dini. Leo mwalimu wa dini ndiyo anayoisoma!

Dada wa Gulu
Ameyasema, sikatai. Lawino anatoroka darasa la jioni, anakwenda kucheza ngoma na wenzake, kwa sababu mwalimu anawapigia kelele wakariri maneno wasiyoyaelewa. Bibi yangu alikaririshwa vivyo hivyo, na alikufa anaomba kwa Kiacholi. Wimbo ule umetoka 1966, bado unatuuma kwa sababu jambo lenyewe lipo. Mwalimu wa dini ndiye wa kwanza kuhitaji kuusoma.

Kijana wa Mukono
Katekista, ile aya uliyotoa juu, wataalamu wengi wanasema si maneno ya Paulo mwenyewe. Ni ya Menander, Mgiriki mwandishi wa michezo ya kuchekesha. Kule Athene, Matendo 17:28, anawataja washairi wao. Na Tito 1:12, "Wakrete ni waongo sikuzote", ni msemo wa Mkrete. Kwa hiyo Mtume alikuwa amesoma vitabu vya mataifa hadi amevishika kichwani. Ukimkataza mwalimu kwa aya hiyo, umemkataza na Paulo.

Katekista
Kijana, nimeanza kuhubiri kabla mama yako hajaolewa. Hunifundishi Paulo! Paulo alikuwa mtu mzima akiongea na watu wazima. Hakupangiwa chumba mita hamsini kutoka bweni la wasichana.

Nesi wa Koboko
Hapo, Katekista, hapo hapo simama. Nimesoma yote toka juu. Mmeongea rumba, Biblia, mshahara, Wagiriki. Binti wa S2 alitumwa Jumamosi nyumbani kwa mwalimu, na hakuna hata mmoja aliyeuliza nani alimtuma na alikwenda na nani! Ninafanya kazi kliniki. Wasichana wanaoletwa kwangu hawakuharibiwa na redio. Mama wa Arua, mwalimu ni mwanamume?

Mama wa Arua
Ni mwanamume. Dada, maneno yako yaliniondolea usingizi, ikabidi nimwamshe binti saa tano usiku. Amesema alitumwa na kiranja. Walikuwa wawili, mwenzake akabaki chini ya mwembe. Mwalimu alipokea madaftari mlangoni, hakumkaribisha ndani, na akamwambia siku nyingine wayaache kwa mwalimu wa zamu ofisini. Hayo yote ya mezani aliyaona kupitia mlango uliokuwa wazi. Nimekaa kitandani kwake mpaka mikono ikaacha kutetemeka.

Jumatatu nakwenda kwa mwalimu mkuu, nataka kujua kwa nini viranja wanatuma watoto nyumba za walimu. Nimewaambia wazazi wenzangu sitii saini ile barua ya bodi.

Binti naye ananiuliza kama nitamnunulia Wimbo wa Lawino. Dada wa Gulu, kwa umri wa miaka kumi na nne, nimpe?