Huyu chui milia au paka?

Swali: Wakuu, nimemkodolea macho chui milia wa mchoraji Nagasawa Rosetsu, 1786, kwenye milango ya karatasi ya hekalu la Muryoji, Japani. Mkubwa hasa, lakini uso ni wa nyau wangu wa jikoni. Jamaa alikosea?

Jibu: Japani haikuwa na chui milia, mkuu. Wachoraji walitazama ngozi zilizotoka ng'ambo, halafu paka wa nyumbani. Cheki mboni: wengi walizichora nyembamba kama uzi, wakati za chui milia ni duara.

Jibu: Kwa kuku ndio hawakubahatisha! Mchoraji Ito Jakuchu wa Kyoto alifuga majogoo uani awatazame. Undu mwekundu kautia vitone vyeupe, kimoja kimoja.

Muulizaji: Nimemkamata nyau juani. Mboni uzi kweli. Kanikwaruza.