Polima ileile, urefu tofauti: mbona moja inachelewesha jeli na nyingine inaiwahisha?

chembe_bapa: Wakuu, nina Laponite (udongo wa kutengenezwa unaogeuka jeli) 2.5% ndani ya maji. Nikiweka polima ya polietilini oksaidi (PEO) 0.5% ya uzito wa molekuli 20,000, yaani mnyororo mfupi, mchanganyiko unakaa majimaji muda mrefu kuliko usio na polima. Nikiweka ya milioni moja, yaani mnyororo mrefu, unakaza upesi na kufanya madonge. Kwa nini? Halafu, saa ya kuzeeka, yaani kukaza kadiri muda unavyopita, ianze kuhesabiwa lini?

mnato: Chembe za Laponite ni visahani vya nanomita 25 hivi kwa upana na 1 kwa unene, nyuso zake zina chaji hasi. PEO hujibandika juu yake. Mnyororo mfupi hubaki kwenye kisahani kimoja na kukivika koti; majirani hawasogeleani vizuri, kukaza kunachelewa. Mrefu hufika kisahani cha pili kabla cha kwanza hakijajaa, ukavifunga pamoja. Hilo ni daraja. Kinachoamua ni polima ngapi kwa gramu ya udongo: ikitosha kufunika nyuso zote, hata mirefu hupunguza madaraja.

Madonge, ningeshuku uchanganyaji kwanza. Unga wa PEO usimwagwe kwenye udongo! Uyeyushe pembeni usiku kucha, ukikoroga taratibu, maana kasi hukata minyororo mirefu. Kwa gramu 100: gramu 80 za udongo wa 3.125%, uliokorogwa kwa nguvu mpaka uwe angavu na ungali mbichi, kisha gramu 20 za polima ya 2.5%. Chupa ya kulinganishia ipewe gramu 20 za maji, la sivyo unalinganisha udongo wa viwango viwili.

jeli_baridi: Naongezea pH. Anza na maji ya pH 10 kwa sodiamu haidroksaidi, ufunge chupa barabara. Kaboni dayoksaidi ya hewani hushusha pH, udongo ukaanza kuyeyuka na kutoa ioni za magnesi, nazo hukazisha jeli. Utailaumu polima bure.

Saa ianze pale unapomaliza kuchanganya. Kwenye reomita (kifaa cha kupima mnato na ukakamavu), koroga sampuli kwa kasi na muda uleule kila mara kabla ya kupima, na funika ukingo kwa mafuta mepesi ya silikoni, maji yasikauke. Ila mkorogo huo haufuti uzee wote: sampuli ya siku kumi haitarudi kuwa ya siku moja, kwa hiyo andika umri wa aina zote mbili, wa chupani na wa tangu mkorogo wa mwisho.

chembe_bapa: Kumbe! Unga niliumwaga moja kwa moja. Narudia na ya milioni moja kwa viwango vitatu.