Je, nukta ya kwanza ya setilaiti ndipo moto ulipoanzia?

Swali
Habari zenu, wanajukwaa. Ninachunguza moto uliozuka Mlima Kilimanjaro tarehe 11 Oktoba 2020, nami nimepakua nukta za joto (mahali setilaiti ilipoona joto la moto) za MODIS na VIIRS, ambavyo ni vihisi vya setilaiti, kutoka FIRMS, mfumo wa NASA wa kufuatilia moto. Je, nukta ya mapema kuliko zote inatosha kuonyesha chanzo cha moto?

Jibu la 1
Haitoshi, ndugu. Nukta huwekwa katikati ya pikseli, yaani kipande kidogo kabisa cha picha, ambayo kwa VIIRS ina upana wa takriban mita 375 na kwa MODIS takriban kilomita 1, hivyo moto wenyewe waweza kuwa popote ndani yake. Isitoshe, VIIRS hupita mnamo saa saba na nusu, mchana na usiku; moto uliowashwa alasiri kwenye vichaka vikavu huweza kusambaa kwa saa nyingi kabla ya kuonekana, na mawingu, ambayo mlimani hayaishi, huuficha kabisa.

Jibu la 2
Naunga mkono. Angalia pia safu ya acq_time katika data hiyo, inayoonyesha saa setilaiti ilipoona moto: 1030 ni saa za UTC (saa za kimataifa), yaani saa saba na nusu mchana kwetu. Wengi hujikwaa hapo.

Jibu la 3
Mimi ningelinganisha nukta hizo na picha za setilaiti za Sentinel-2 za kabla na baada ya moto, kwa kuwa kovu la eneo lililoungua huonekana humo kwa usahihi wa mita 20, kisha niwaulize askari wa hifadhi moshi ulionekana wapi kwanza.