Ulishawahi kumpongeza mtani wako bila kuweka "ila" mwishoni? Tupeane uzoefu

Zamu_ya_Usiku (mleta mada)

Wakuu salaam, wakubwa shikamooni.

Kumcheka mtani akifungwa hakuna anayehitaji kufundishwa. Mimi nauliza upande wa pili: siku mtani wako anachukua kombe alilolisubiri mpaka mvi zikamwota, ulifanya nini? Nazungumzia pongezi ya kweli, sio ile ya "hongereni, ila refa naye alikuwa wenu". Naanza mwenyewe.

Niko St. Louis, Marekani, tangu 2005. Mchezo wa mji huu ni besiboli na timu yetu ni Cardinals, wekundu. Watani ni Cubs wa Chicago, wa bluu, kama kilomita 480 kutoka hapa. Nilipofika, Cubs walikuwa hawajachukua ubingwa tangu 1908. Someni tena huo mwaka. Kwetu ni Mjerumani anatawala na Maji Maji imezimwa juzi tu. Watu walizaliwa Cubs, wakazeeka Cubs, wakazikwa Cubs, hawajaona kitu. Kuna hadi habari ya mbuzi: 1945 mwenye baa mmoja, Billy Sianis, alikwenda na mbuzi wake kwenye uwanja wao wa Wrigley Field, akatimuliwa, inasemekana akawalaani. Tangu hapo hata fainali hawakuigusa tena. Wamarekani wanaisimulia kama kichekesho. Sisi tuliokulia kwenye timu zinazoruka ukuta kukwepa geti la uwanja tunakaa kimya.

Ghalani kwetu kulikuwa na mzee wa Kimarekani, dereva wa foklifti, mzaliwa wa Chicago aliyehamia huku kwa ajili ya mke. Kofia moja ya bluu katikati ya kofia nyekundu arobaini. Mimi nilimwita Mzee, kwa Kiswahili hivyohivyo, akazoea. Baba yake alizaliwa 1909, akafariki 1991. Alikuwa akisema, "Baba alichelewa kuzaliwa, akawahi kufa."

Basi nilimtania huyo mtu bila huruma. 2006 tulipochukua ubingwa nilimwekea kipande cha keki kwenye kiti cha foklifti. 2011 tena, keki imeandikwa 11, maana ndio idadi ya mataji yetu. Na silaha yangu kubwa ilikuwa Lou Brock. Huyu alikuwa mchezaji wao. Juni 15, 1964 wakatupatia sisi, wao wakamchukua mrushaji Ernie Broglio. Mwaka uleule tukawa mabingwa, na Brock akaendelea mpaka akamaliza na besi 938 za kuiba. Broglio mkono ulimwuma, hakuwafaa kitu. Kwa hiyo kila Juni 15 nilimpelekea Mzee kahawa: "Asante kwa Brock." Miaka kumi mfululizo. Anaipokea, anakunywa.

2015 Cubs wakatutoa mapema kwenye mtoano, msimu ambao tulishinda mechi 100. Nikajua kesho yake nimekwisha. Mzee akaja, akasema, "Mechi 100 si mchezo, mlikuwa na timu," akawasha foklifti, akaondoka. Basi. Bora angenitukana.

Sasa 2016. Cubs fainali na Cleveland, wako nyuma mechi 3 kwa 1, wakarudisha zikawa 3 kwa 3. Mechi ya saba ni Novemba 2, kule Cleveland. Niseme ukweli mbele yenu: nilikuwa shabiki wa Cleveland siku hiyo. Raundi ya nane kati ya tisa Cubs wanaongoza, bado kuwatoa watu wanne tu wawe mabingwa. Mrushaji ni Aroldis Chapman, mipira yake huwezi kuiona. Rajai Davis wa Cleveland akaupiga mmoja ukavuka ukuta wa kushoto, 6-6. Niliruka mpaka mtoto akaamka analia. Nikashika simu, nikamwandikia Mzee: "1908 iko palepale. Lala salama."

Kabla sijatuma, raundi ya tisa ikaisha na mvua ikashuka. Wakatandaza turubai uwanjani. Dakika 17. Mke wangu, ambaye hata sheria za mchezo hazijui, akatoka chumbani kumbembeleza mtoto, akauliza, "Yule mzee wa kahawa anaangalia na nani?"

Na mtu gani? Mkewe tulishamzika mwaka mmoja nyuma.

Nikaufuta ule ujumbe herufi moja moja. Mvua ikakatika, Ben Zobrist wa Cubs akachomeka mpira kwenye mstari wa kushoto, wakapata mmoja, wakaongeza na mwingine, Cleveland wakapata mmoja, 8-7. Mpira wa mwisho ulikwenda kwa Kris Bryant. Jamaa alianza kucheka kabla hajauokota, mguu ukamteleza, akautupa hivyohivyo anacheka. Huku kwetu ilikuwa saa sita kasoro robo usiku. Nikapiga simu. Akapokea, hasemi kitu. Nami sisemi kitu. Nasikia televisheni yake na pumzi tu. Mwisho nikasema, "Hongera, Mzee." Akasema, "Ee," akakata.

Alhamisi ikatangazwa kwamba maandamano ya kombe ni kesho yake, Chicago. Ratiba ya zamu iko ukutani, Ijumaa ni ya Mzee. Anaiangalia tu. Nikachukua kalamu, nikakata jina lake, nikaandika langu. Ijumaa wao wameutia mto wao rangi ya bluu, mji mzima uko barabarani, mimi niko juu ya foklifti masaa manane napanga mabeseni. Pongezi yangu ilikuwa hiyo.

Jumatatu akanionyesha picha. Kuta za matofali za Wrigley zilikuwa zimejaa majina ya marehemu, watu wameyaandika kwa chaki. La baba yake liko chini kabisa karibu na lami, kwa sababu juu palishajaa, na pembeni kaandika 1909. Mzee wa miaka sabini alipiga magoti barabarani. Kipande cha chaki alikuwa nacho mfukoni bado.

Tiririkeni.

---

Mtoto_wa_Kariakoo

Mkuu umeniacha njiani. Mtu anaiba mara 938 halafu mnamsifia?

Zamu_ya_Usiku

Hahaha. Uwanjani kuna vituo, vinaitwa besi. Ukiwa umesimama kimoja unaweza kuchomoka kukimbilia kinachofuata mrushaji akiwa bize na mpigaji. Ukifika kabla hawajakugusa na mpira, umeiba. Fikiria konda anavyodandia daladala trafiki akigeuza shingo.

Mtoto_wa_Kariakoo

Nimeelewa kuliko nilivyotarajia. Mimi ni Simba, na miaka minne ya Yanga bila ubingwa niliifaidi sana. 2022 walipochukua nilizima simu siku tatu. Huo ndio uzoefu wangu, sina mwingine.

---

Mke_wa_Mjaluo

Hamjambo nyote. Mimi ni wa Kakamega, Ingwe (AFC Leopards) damu. Nimeolewa kwa watu wa Gor Mahia, na si kwa bahati mbaya mechi yetu inaitwa Mashemeji Derby.

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, hakuwa ameona K'Ogalo, ndio hao Gor, wakichukua ligi tangu 1995. 2012 walibaki na mechi moja tu, siku ya mwisho, ikawaponyoka na Tusker wakabeba. Siku hiyo alikaa ndani ya gari nje ya nyumba yetu, giza likaingia, hataki kushuka. Nilimpelekea chai dirishani nikicheka, Mungu anisamehe.

2013 wakachukua. Miaka 18! Jumapili akaja kula kwetu. Sasa, kwetu kuku akichinjwa, firigisi haijadiliwi, ni ya mwenye nyumba. Nikaitoa kwenye sufuria mbele ya wote, nikaiweka kwenye sahani ya shemeji. Sikusema hongera. Mama mkwe akaacha kutafuna. Mume wangu, na yeye ni Gor vilevile, akauliza, "Na mimi si nimengoja miaka 18 pia?" Nikamwambia wewe ulipewa mke wa Ingwe, utosheke.

Shida ni kwamba nilidhani ni jambo la mara moja. Wakachukua 2014. Wakachukua 2015 bila kufungwa hata mechi moja. Firigisi ilirudi kwa mwenyewe.

Zamu_ya_Usiku

Dada, hiyo ya mama mkwe kuacha kutafuna nimeiona kwa macho.

---

Teksi_ya_Bronx

Uzi mzuri, mkuu, ila nikupinge kidogo. 2016 Cubs hawakupita juu ya mgongo wako. Ulikuwa nyumbani kwenye kochi. Pongezi hiyo ni ya bei nafuu.

Mimi ni Yankees, timu ya New York. Oktoba 2004 tunaongoza Boston Red Sox mechi 3 kwa 0, tunahitaji moja kwenda fainali. Ya nne, raundi ya tisa, tunaongoza 4-3, anarusha Mariano Rivera, na Rivera akiingia watu huanza kuvaa makoti. Boston wakamwingiza Dave Roberts kukimbia tu. Uwanja mzima unajua anakuja kuiba besi, Rivera anajua, mimi ndani ya teksi najua. Akaiba. Wakasawazisha, wakashinda raundi ya 12, na wakatuchapa tatu zilizofuata. Ya mwisho 10-3, tena kwetu. Hakuna timu ya besiboli ya ligi kuu iliyokuwa imewahi kurudi kutoka 3-0.

Binamu yangu yuko Boston, ndiye aliyenipokea uwanja wa ndege nilipoingia nchi hii. Hawakuwa na ubingwa tangu 1918. Alinipigia usiku ule, sikupokea. Siku ya pili, sikupokea. Alinipigia mke wangu, nikaashiria kwa mkono kwamba sipo. Ikapita wiki nzima. Oktoba 27 walipomaliza fainali, usiku ambao mwezi ulipatwa, nilisimamisha teksi pembeni, nikautazama ule mwezi mwekundu, nikaona huu ujinga sasa. Nikampigia. Akapokea mlio wa kwanza na kusema, "Nilikuwa nakungoja wewe tu ndio nianze kufurahi."

Mwongo mkubwa, nyuma yake kulikuwa na ngoma. Lakini ilinikaa.

Zamu_ya_Usiku

Nakubali, yako ilikuwa na damu. Na hiyo fainali walitufunga sisi, mechi 4 kwa 0, wakamalizia hapahapa St. Louis. Mimi sikuwa nimefika bado, namshukuru Mungu.

---

Baraza_la_Kale

Salaam aleikum. Mombasa, Mji wa Kale, Man United. Juni 2020 Liverpool wametangazwa mabingwa baada ya miaka 30, nao hata hawakucheza usiku ule. Chelsea ndiye aliyewafunga Man City. Kwetu ni kafyu, saa tatu usiku kila mtu ndani, baraza tupu, na habari imeingia karibu saa sita. Jirani yangu ni Liverpool tangu tuko chuoni twasoma juzuu. Miaka yote hiyo nimemla nyama. Nikasema leo nisipomwambia kitu, kesho sitaweza kumtazama. Nikafungua dirisha, nikapiga ukelele: "Hongera, we mzee!"

Kimya. Kisha dirisha lake: "Ni nani?"

"Ni adui yako!"

Mtaa mzima ukacheka, madirisha juu mpaka chini, watu hatujawaona wiki kadhaa. Halafu mke wake akatuambia sote tulale.

---

Osaka_Mbeya

Fupi. Besiboli nilifundishwa Dar na mwalimu wa Kijapani, akanitia mapenzi ya Yomiuri Giants, timu ya Tokyo. Maisha yakanileta Osaka, ngome ya Hanshin Tigers, watani wao wakubwa. Tigers walichukua ubingwa wa Japani 1985, mashabiki wakaitupa sanamu ya yule mzee wa nembo ya KFC, kuku wa Kentucky, mtoni Dotonbori, ikapatikana 2009. Nayo wanasema ilikuwa na laana, kama mbuzi wako. 2023 wakachukua tena, baada ya miaka 38. Mwenye kibanda ninapokula tambi, Tigers mpaka kwenye aproni, nilimpigia saluti mlangoni. Akanipa yai la ziada. Tangu hapo sijawahi kulilipia, na sijamwambia kwamba mpaka leo ni Giants.

---

Mtoto_wa_Kariakoo

Zamu, Mzee yupo?

Zamu_ya_Usiku

Yupo. Alistaafu 2019, akarudi Chicago kwa binti yake. Ile kahawa ya Juni 15 sikuipeleka tena baada ya 2016, sijui kwa nini, ilikuwa tu haina ladha.

Septemba 2020 Lou Brock alifariki. Nilikuwa kazini, bado sijasikia. Simu ikatetemeka, ni ujumbe wa Mzee: "Pole sana, kijana. Mlimtunza kuliko sisi."