Mrejesho: kifaa cha akiba cha gitaa
Wakuu, niliuliza nibebe nini cha akiba endapo Helix yangu (kifaa cha sakafuni cha sauti na efekti za gitaa) itazima katikati ya shoo. Asanteni sana kwa majibu.

Nimechukua HX Stomp, mdogo wake Helix. Sauti zake ni zilezile na inaingia mfuko wa pembeni wa begi la gitaa. Ila preseti moja (mpangilio wa sauti uliohifadhiwa) inabeba bloku 8 tu, yaani efekti na ampu 8, kwa hiyo nimetengeneza upya preseti mbili: ya sauti safi yenye korasi na dilei (mwangwi) kwa ajili ya sebene, na ya solo. Harusi inaisha vizuri kabisa kwa hizo.

Aliyesisitiza adapta ya pili, ubarikiwe mkuu! Adapta ya HX Stomp ni ya volti 9, ampea 3. Viadapta vya pedali za kawaida havina nguvu hiyo. Hiyo ya pili nimeifunga pamoja na waya wa kwenda moja kwa moja kwenye mikisa.