Bamvua limevaa rangi ya maji mafu: mitindo ya grafu mnaipangaje?

BintiKibokoni
Assalaam alaykum jamani. Kila mwezi nachora grafu ya maji kwa wavuvi wa hapa Mombasa: mstari mmoja siku ya bamvua, bahari inapopanda na kupwa zaidi ya mita 3, na mwingine siku ya maji mafu, isipopanda wala kupwa sana. Natumia Matplotlib, maktaba ya Python ya kuchora grafu. Grafu hiyo hiyo yenda pahali patatu: karatasi ya A3 ya kubandika wanaposhushia samaki, picha ya WhatsApp, na ripoti ya wanaonilipa, ambao wataka kila kitu kijivu (msiniulize kwa nini).

Nilianza na faili moja la mtindo, lile la kupangia fonti, rangi na vipimo vya grafu. Sasa ni matatu, kila moja nakala ya mwenzake. Nikibadilisha fonti huku nasahau kule. Mwezi uliopita nikapanga data upya, maji mafu yakatangulia, yakavaa ile nyekundu ya bamvua. Mzee mmoja akanipigia: "Mwanangu, mwezi mpevu na wewe watwambia maji mafu?" Yeye huhesabu mwezi, ajua mpevu ni bamvua, hadanganyiki. Lakini vijana wake wasoma rangi tu.

Niyaunganishe mafaili au niyaache?

FundiWaTudor
Waalaykum salaam dada. Hapo una maradhi mawili, usiyatibu kwa dawa moja.

Nakala ni rahisi. Tangu toleo la 1.4, mwaka 2014, `plt.style.use`, amri ya kuita mtindo, hupokea orodha ya mafaili, na la kulia hulishinda la kushoto. Weka `msingi.mplstyle` lenye fonti na gridi, kisha `karatasi` na `simu` zibebe tofauti tu. La simu kwangu halizidi mistari minne. Ila usidhani picha ya simu ni A3 iliyopunguzwa: `figure.figsize` ni inchi, `font.size` ni pointi, 72 kwa inchi. A3 ya kulala ni 16.5 kwa 11.7, huku Matplotlib yenyewe huanzia 6.4 kwa 4.8. Ukiifinya ile kubwa iingie kwenye simu, saa za maji hazisomeki.

Rangi ndiyo kazi. `axes.prop_cycle` haijui bamvua ni nini, hugawa rangi kwa foleni, aliyetangulia ndiye apewaye ya kwanza. Rangi yenye maana itoe kwenye faili la mtindo kabisa, iweke kwenye kodi yako ya Python kwa jina lake: `RANGI["bamvua"]`. Mtindo ubaki na sura, si maana.

KodiNaKahawa
Mafaili ya nini? Andika fanksheni moja, maliza.

FundiWaTudor
@KodiNaKahawa mpaka mtu asiyejua Python atake kukuza herufi. Faili la mtindo hata karani hulifungua.

BintiKibokoni
Shukran. Na ripoti ya kijivu? Nikitoa rangi, bamvua nalijuaje?

FundiWaTudor
Maana isibebwe na rangi peke yake. Bamvua mstari mzima mnene, maji mafu vitone, kote, hata penye rangi. Hiyo A3 yako wallahi kuna mtu ataipiga fotokopi.

Mpwani_wa_Mtwapa
Naongeza mawili. `style.use` ikishapita haijifuti, hivyo ukichora zote tatu kwa mkupuo, ya simu itaacha makombo kwenye ripoti. Tumia `with plt.style.context([...])`, na grafu iundwe humo ndani, si kabla, maana vipimo vingi husomwa kitu kinapoundwa. La pili: ndani ya `.mplstyle` alama ya # huanzisha maelezo ya pembeni, Matplotlib haiyasomi. Andika `grid.color: dddddd`, bila #.

BintiKibokoni
Ewaa! Kumbe ndiyo # iliyonila Jumamosi nzima, mimi nalaumu stima. Nimeshatenga `msingi` na `simu`, rangi nimezipa majina. Karatasi ya mwezi huu nampelekea mzee kwanza, kabla ya gundi.